INDIRECT imegoma: dalili, chanzo na dawa fomula inaposoma shiti nyingine kwa jina

Una faili yenye shiti kumi na mbili, Januari hadi Desemba, na ya kumi na tatu umeiita Muhtasari. Kila shiti ya mwezi ina orodha ya mashine kwenye safu A, saa zilizofanya kazi kwenye safu B, na jumla pale B20. Kwenye Muhtasari umeorodhesha majina ya miezi kuanzia A2 kushuka chini, na unataka safu B ilete jumla ya kila mwezi bila wewe kuchapa fomula kumi na mbili kwa mkono. Unajaribu =A2!B20 na haifanyi kazi, kwa sababu A2 hapo inasomwa kama jina la shiti, si kama seli iliyobeba jina la shiti. Mtu anakuelekeza kwenye hii, yenye INDIRECT, kitendakazi kinachogeuza maandishi kuwa anwani ya seli:

=INDIRECT("'"&A2&"'!B20")

Inakubali. Unaiburuta chini, miezi yote inajaa. Wiki mbili baadaye unafungua faili na nusu ya safu imejaa #REF!, yaani kosa la anwani isiyopatikana, au mbaya zaidi, imejaa namba ambazo si zenyewe.

Karibu matatizo yote ya INDIRECT yana mzizi mmoja: kilichomo ndani ya mabano yake ni maandishi tu. Programu haijui kwamba "'Januari'!B20" ni anwani mpaka pale inapokokotoa, na ikimaliza kukokotoa inasahau. Ukibadilisha jina la shiti, maandishi hayabadiliki. Ukiongeza mstari, maandishi hayasogei. Ukishalikubali hilo, dalili nyingi zilizomo humu utazitambua hata kabla ya kusoma maelezo yake.

Mifano ni ya Excel. Panapotofautiana na Google Sheets au LibreOffice Calc nitasema. Kama mipangilio ya kompyuta yako inatumia mkato kwa desimali, basi huenda fomula zako zinatenganishwa kwa nukta-mkato badala ya mkato, badilisha unaponakili.

Kwanza, ivue INDIRECT

Usianze kubahatisha. Nenda kwenye seli tupu uandike kile kilichokuwa ndani ya mabano peke yake:

="'"&A2&"'!B20"

Sasa unaona kwa macho anwani ambayo fomula yako imekuwa ikiitafuta. Kwenye seli ya pembeni andika alama ya =, bofya kichupo cha shiti unayoitaka, bofya B20, kisha bonyeza Enter. Programu imekuandikia anwani sahihi yenyewe, utaiona kwenye upau wa fomula ukirudi kwenye seli hiyo. Zisome zote mbili herufi kwa herufi. Tofauti utakayoiona, hata kama ni nafasi moja tupu, ndiyo kosa lako. Usihesabu alama ya = ya mwanzo wala tofauti ya herufi kubwa na ndogo; ritifaa (') zinazozunguka jina nazo usizihesabu, maana Excel haiziweki pale jina lisipozihitaji, na kuziweka hakudhuru.

Kwenye Excel kuna njia ya mkato: ingia kwenye upau wa fomula, chagua sehemu iliyo ndani ya mabano tu, bonyeza F9. Utaona maandishi yaliyokokotolewa papo hapo. Toka kwa Esc. Ukitoka kwa Enter, sehemu hiyo inabaki kuwa maandishi ya kudumu na A2 inakuwa imefutika kwenye fomula. Nimeshafanya hivyo zaidi ya mara moja, kisha nikashangaa kwa nini mwezi haubadiliki.

Na kama umezungushia IFERROR, ile inayoweka kitu kingine badala ya kosa, iondoe kwa muda. Huwezi kutafuta kosa ambalo umelificha mwenyewe.

Dalili: #REF! kila mahali, hakuna mstari hata mmoja unaokubali

Hapa kosa liko kwenye muundo wa fomula, si kwenye majina. Ninaloliona mara nyingi ni hili:

=INDIRECT(Januari!B20)

Linavutia kwa sababu linaonekana sahihi. Lakini bila alama za mtajo ("), programu inakwenda kwanza kwenye B20 ya Januari, inakuta humo 312, halafu inatafuta seli inayoitwa 312. Haipo. Ndiyo #REF! hiyo.

La pili ni ritifaa iliyopotea. Ule mkusanyiko wa "'" ni alama tatu: mtajo, ritifaa, mtajo. Kwenye skrini zinashikana na kuonekana kama vumbi, na ni rahisi mno kuandika mbili au nne. Kama macho yako yanachoka nazo, tumia CHAR(39), ambayo ni ritifaa hiyo hiyo kwa jina lingine:

=INDIRECT(CHAR(39)&A2&CHAR(39)&"!B20")

Ni ndefu kidogo, lakini inasomeka. Kagua pia kwamba alama ya mshangao imekaa nje ya ritifaa ya pili, si ndani.

Ukiwa LibreOffice Calc, kumbuka kwamba uandishi wake wa asili hutenganisha shiti na seli kwa nukta: Januari.B20. Anwani yenye mshangao inategemea mipangilio ya sintaksia ya rejeo, iliyo kwenye sehemu ya fomula ndani ya chaguo za Calc. Ama uandike kwa nukta, ama uchague sintaksia ya Excel A1 hapo. Mkiwa watu wawili mnaotumia faili moja kwenye programu mbili tofauti, kubalianeni mapema.

Na ikiwa badala ya #REF! unapata #NAME?, au programu inakataa kabisa kuipokea fomula, angalia alama za mtajo zenyewe. Fomula iliyonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu au waraka mara nyingi huja na alama zilizopinda, “hivi”, na programu haizitambui. Zifute uzichape upya kwenye kibodi.

Dalili: miezi mingine inakubali, mingine #REF!

Sasa muundo ni mzima. Tatizo ni jina. Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa hiyo tuende polepole.

Nafasi zisizoonekana ndizo za kushuku kwanza. A4 inasema Machi, kichupo kinasema Machi, na bado #REF!. Andika =LEN(A4), inayohesabu herufi za seli. Machi ina herufi tano. Ukiona 6, kuna nafasi imejificha mwishoni. Dawa ni TRIM, inayokata nafasi za ziada:

=INDIRECT("'"&TRIM(A4)&"'!B20")

Kama LEN(TRIM(A4)) bado inakupa 6, basi hiyo si nafasi ya kawaida. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za intaneti huja na nafasi isiyokatika, ambayo kwenye Excel ya Windows ni CHAR(160), na TRIM haiigusi. Igeuze kwanza:

=TRIM(SUBSTITUTE(A4,CHAR(160)," "))

Kuna upande wa pili ambao watu husahau: nafasi inaweza kuwa kwenye kichupo chenyewe. Mtu alipoiita shiti "Machi " akaacha nafasi nyuma, orodha yako iko sahihi na kichupo ndicho kibovu. Bofya kichupo mara mbili, peleka kishale mwisho wa jina, uone kama kinasimama mbali na herufi ya mwisho.

Kisha kuna wale walioacha ritifaa kabisa, wakaandika =INDIRECT(A2&"!B20"). Kwa Januari, Februari na Machi inakubali, ndiyo maana wanaamini ritifaa ni mapambo. Siku wanapoongeza shiti ya Robo ya Kwanza, au 2024, au Mei-Juni, inagoma. Jina lenye nafasi, lenye kistari au linaloanza na tarakimu ni lazima lizungushiwe ritifaa. Vivyo hivyo jina linalofanana na anwani ya seli, na hapa kuna mtego mzuri. Safu za Excel zinafika XFD, jumla 16,384. Kwa hiyo shiti uliyoiita MEI24 ina jina ambalo pia ni seli halali: safu MEI, mstari wa 24. JAN24 na FEB24 pia. Lakini JULAI24 si seli, kwa sababu hakuna safu yenye herufi tano. Matokeo yake mwezi mmoja unakubali na mwingine unakataa, na ukiangalia majina huoni tofauti yoyote ya maana. Weka ritifaa kila mara, kwa kila jina, hata lisipozihitaji.

Sasa tuje kwenye ritifaa iliyo ndani ya jina. Sisi tunaoandika Kiswahili tunakutana nalo kuliko wengi, kwa ajili ya ng'. Tuseme shiti zako ni za mifugo: Mbuzi, Kondoo, Ng'ombe. Fomula inatengeneza hiki:

'Ng'ombe'!B20

Programu inasoma ritifaa ya kwanza kama mwanzo wa jina na ya pili kama mwisho wake. Inabaki na shiti inayoitwa Ng, na takataka baada yake. Ndani ya anwani, ritifaa iliyo sehemu ya jina lazima iandikwe mara mbili, 'Ng''ombe'!B20, na unaweza kuiacha fomula ifanye kazi hiyo:

=INDIRECT("'"&SUBSTITUTE(A2,"'","''")&"'!B20")

Umefanya hivyo na bado inagoma? Basi huenda ritifaa zenyewe ni mbili tofauti. Simu na programu za kuandikia nyaraka hupenda kugeuza ' kuwa ’ iliyopinda. Kwa macho, Ng'ombe na Ng’ombe ni neno moja. Kwa programu ni majina mawili. Herufi ya tatu ndiyo ya kuhoji:

=UNICODE(MID(A2,3,1))

Jibu likiwa 39, ni ritifaa ya kibodi. Likiwa 8217, ni ile iliyopinda. Chagua moja, ya kibodi ni bora, uitumie kwenye orodha na kwenye vichupo vyote.

Tarehe nazo. Kwenye seli unaona Jan 2024, na shiti inaitwa Jan 2024. Ukiivua INDIRECT kama nilivyosema juu, unakuta '45292'!B20. Seli ile haina maneno hata kidogo. Ina tarehe 1 Januari 2024, ambayo Excel huihifadhi kama namba 45292 na kuivalisha sura ya tarehe. Ukiiunganisha kwa & sura inavuliwa na namba inabaki. Wengi hukimbilia TEXT(A2,"mmm yyyy"), na inafanya kazi mpaka faili ifunguliwe kwenye kompyuta ya lugha nyingine, ambako mwezi unatoka kwa lugha hiyo, au herufi za yyyy zenyewe hazitambuliki. Kama vichupo vyako vina majina ya Kiswahili, usiiachie kompyuta iamue:

=CHOOSE(MONTH(A2),"Januari","Februari","Machi","Aprili","Mei","Juni","Julai","Agosti","Septemba","Oktoba","Novemba","Desemba")

Weka hii kwenye safu ya msaada na INDIRECT isome kutoka hapo. Ugonjwa huo huo unaupata kwa shiti zinazoitwa 01, 02, 03: seli inaonyesha 01 lakini ndani ni 1. Hapo TEXT(A2,"00") inatosha.

Mwisho wa kundi hili ni majina marefu. Excel hairuhusu jina la shiti kupita herufi 31, wala haikubali alama hizi ndani yake: : \ / ? * [ ]. Kwa hiyo orodha inaweza kuwa na jina kamili huku kichupo kikiwa na jina lililofupishwa, au orodha ina Juni/Julai na kichupo kina Juni-Julai. Hakuna fomula ya kubahatisha mtu alifupisha vipi. Sawazisha majina kwa mkono.

Dalili: hakuna kosa lolote, lakini namba si yenyewe

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu #REF! angalau inapiga kelele.

Niliwahi kuletewa faili ya aina hii hii, saa za mashine, na swali lilikuwa kwa nini mwezi mmoja umeshuka vibaya. Muhtasari ulisema Machi ni saa 27, ilhali jirani zake walikuwa kwenye mia tatu na kitu. Nikafungua shiti ya Machi: jumla ilikuwa pale, 318, imeandikwa wazi. Ila haikuwa B20 tena. Mtu alikuwa ameongeza mashine moja mpya katikati ya orodha, kila kitu kikashuka mstari mmoja, jumla ikahamia B21. B20 sasa ilikuwa na saa za mashine ya mwisho kwenye orodha, 27. Fomula ya kawaida, =Machi!B20, ingejigeuza yenyewe kuwa =Machi!B21 pale pale mstari ulipoongezwa. INDIRECT ilibaki na maandishi yake, ikasoma ilichoambiwa, ikaleta namba halali kabisa. Hakuna pembetatu ya kijani, hakuna onyo. Na mashine ile ya mwisho ingekuwa na saa nyingi kidogo, nisingeitwa.

Dawa nyepesi ni kutafuta kwa lebo badala ya kutafuta kwa anwani. Kama mbele ya jumla pameandikwa neno Jumla kwenye safu A, basi:

=VLOOKUP("Jumla",INDIRECT("'"&A2&"'!A:B"),2,FALSE)

Mistari iongezwe au ipunguzwe, Jumla itapatikana. Safu ikiingizwa kati ya A na B, hata hii inapotea. Dawa nzito zaidi, na ninayoipenda, ni kuipa seli ya jumla jina lake ndani ya kila shiti. Fungua kidhibiti cha majina, tengeneza jina JumlaSaa, na pale panapouliza upeo wa jina chagua shiti yenyewe, si faili nzima. Fanya hivyo kwenye shiti moja, halafu zaa shiti nyingine kwa kuinakili hiyo. Kila nakala inabeba jina lake. Kisha:

=INDIRECT("'"&A2&"'!JumlaSaa")

Jina linafuata seli popote itakaposogezwa, kwa hiyo maandishi yako hayana tena anwani ya kuchakaa. Angalizo moja: jina liwe limeelekezwa kwenye seli au eneo halisi. Jina lililotengenezwa kwa fomula kama OFFSET linaishia kwenye #REF!, INDIRECT haliwezi.

Dalili ya jamaa yake: umeburuta fomula kwenda kulia, na safu zote zinaonyesha namba ile ile. Ni maandishi tena. B20 ndani ya alama za mtajo haiwezi kuwa C20. Ipe kitu kinachoweza kusogea:

=INDIRECT("'"&$A2&"'!"&ADDRESS(20,COLUMN(B1)))

Ukiburuta kulia, B1 inakuwa C1, COLUMN inatoa 3, na anwani inakuwa $C$20. Usisahau alama ya dola mbele ya A.

Na kama Muhtasari wako una umbo lile lile la shiti za mwezi, na unachotaka ni kuchagua mwezi kwenye H1 ili ukurasa mzima ubadilike, kuna njia fupi kuliko zote:

=INDIRECT("'"&$H$1&"'!RC",FALSE)

FALSE inaiambia INDIRECT isome anwani kwa mtindo wa R1C1, na RC bila namba maana yake ni mstari huu huu na safu hii hii. Ukiiweka kwenye B5, inaleta B5 ya mwezi uliochaguliwa. Ukiinakili D9, inaleta D9. Haina cha kurekebisha. Ila kwenye Excel ya baadhi ya lugha herufi ni nyingine, ya Kijerumani kwa mfano hutumia Z na S, kwa hiyo faili inayosafiri inaweza kugoma ikifika huko.

Sifuri pasipo na kitu: INDIRECT ikielekezwa kwenye seli tupu hurudisha 0, sawa na rejeo la kawaida. Kama mwezi ambao haujaingizwa data unapaswa kubaki wazi, zungushia =IF(X="","",X), X ikiwa ni INDIRECT yako nzima.

Namba zilizoganda: umebadilisha H1 na hakuna kilichotokea? Angalia kama ukokotoaji umewekwa kuwa wa mkono. Excel huchukua mpangilio huo kutoka kwenye faili ya kwanza uliyoifungua, ndiyo maana unaweza kuambukizwa na faili ya mtu mwingine. Bonyeza F9 kwanza, kisha urudishe mpangilio kuwa wa kiotomatiki.

Dalili: kujumlisha shiti nyingi kwa pamoja hakukubali

Fomula ya =SUM(Januari:Desemba!B20) inafanya kazi kwenye Excel, kwa hiyo ni haki mtu kujaribu =SUM(INDIRECT("Januari:Desemba!B20")). Hapana. INDIRECT haisomi rejeo linalovuka shiti kadhaa, utapata #REF! kila mara. Kama shiti zimepangana, baki na ile ya kwanza, ukijua kwamba inahesabu kila shiti iliyokaa kati ya vichupo hivyo viwili. Mtu akivuta shiti ya Jaribio akaiweka katikati, nayo inahesabiwa.

Kama ni lazima ufuate orodha ya majina, fanya hivi:

=SUMPRODUCT(N(INDIRECT("'"&A2:A13&"'!B20")))

N hapo si pambo. Bila hiyo INDIRECT inarudisha rundo la marejeo ambalo SUM halijui kulifungua, na unapata jibu la shiti moja tu au #VALUE!. Kwa kujumlisha mashine moja kwenye miezi yote, SUMIF hufanya kazi ya N:

=SUMPRODUCT(SUMIF(INDIRECT("'"&A2:A13&"'!A2:A19"),"Pampu 3",INDIRECT("'"&A2:A13&"'!B2:B19")))

Kwenye Google Sheets usijisumbue na haya. INDIRECT ya huko haienei juu ya orodha hata ukiiweka ndani ya ARRAYFORMULA. Inashughulika na jina la kwanza na kuishia hapo. Andika moja kwa kila mstari, kisha jumlisha safu.

Dalili: ilikuwa nzima hadi mtu alipobadilisha jina la kichupo

Kichupo kinaitwa sasa Januari 2024, orodha yako bado inasema Januari. Ukiwa Excel unaweza kufanya shiti zijitangaze zenyewe. Kwenye kila shiti ya mwezi, tuseme Z1, weka:

=MID(CELL("filename",A1),FIND("]",CELL("filename",A1))+1,31)

Hii inasoma jina la shiti iliyomo. Kisha kwenye Muhtasari, badala ya kuchapa Januari pale A2, andika =Januari!Z1. Hilo ni rejeo halisi, si maandishi, kwa hiyo jina la kichupo likibadilika rejeo linabadilika nalo, Z1 inatoa jina jipya, na INDIRECT inalipata. Pengine utahitaji F9 kulisukuma.

Inagoma kwa namna mbili. Faili ambayo haijahifadhiwa hata mara moja haina njia wala jina, hivyo unapata #VALUE! mpaka uihifadhi. Na ukiiondoa ile A1 ndani ya CELL, itakupa jina la shiti iliyoguswa mwisho, na shiti zote zitadai zina jina moja.

Dalili: data iko faili nyingine

Kwenye Excel, INDIRECT inasoma faili nyingine ikiwa tu faili hiyo iko wazi. Ikifungwa, #REF! huja mara tu Excel inapokokotoa tena. Kuandika njia kamili ya folda hakusaidii. Umbo la anwani ni hili, C1 ikiwa na jina la faili pamoja na kiambishi chake, kwa mfano Saa2024.xlsx:

=INDIRECT("'["&$C$1&"]"&A2&"'!B20")

Angalia ritifaa inavyoanza kabla ya mabano ya mraba, si baada yake. Kama huwezi kuhakikisha faili itakuwa wazi, achana na INDIRECT kwa kazi hiyo. Tumia Power Query kuvuta data ndani, au kiungo cha kawaida, ambacho hubaki na namba zake za mwisho hata chanzo kikifungwa.

Google Sheets ina IMPORTRANGE, na eneo lake ni maandishi, kwa hiyo jina la shiti unaliunganisha vile vile: =IMPORTRANGE($C$1,"'"&A2&"'!B20"), C1 ikiwa na kiungo cha faili. Mara ya kwanza huonyesha #REF! mpaka upeleke kishale juu ya seli na kuruhusu faili mbili ziunganishwe. Watu wengi huifuta fomula nzima hapo, wakidhani wamekosea.

Dalili: faili imekuwa nzito

Kila unapochapa kitu, hata kwenye seli isiyohusika, kishale kinasita. Ukifungua faili na kuifunga bila kugusa chochote, Excel inauliza kama uhifadhi mabadiliko. Dalili hizo mbili zikija pamoja, INDIRECT ni mshukiwa wa kwanza. Kwa kuwa programu haijui maandishi yale yanategemea seli zipi, inaikokotoa upya kila kitu chochote kinapobadilika, pamoja na kila fomula inayoitegemea. Kumi na mbili hazina shida. Elfu kumi zenye A:B ndani ya VLOOKUP ni habari nyingine.

Kama shiti ni chache na hazibadiliki, CHOOSE inafanya kazi hiyo bila mzigo huo, na marejeo yake ni halisi, yanajirekebisha yenyewe:

=CHOOSE(MATCH($H$1,$A$2:$A$4,0),Januari!B20,Februari!B20,Machi!B20)

Ila nikiulizwa, swali langu huwa ni moja: kwa nini miezi imekaa kwenye shiti tofauti? Mara nyingi jibu ni kwamba ilianza hivyo. Weka data yote kwenye shiti moja, ongeza safu ya Mwezi, na SUMIFS moja inachukua nafasi ya karibu kila fomula iliyotajwa humu. Kuhamisha kunachukua alasiri moja. Nimewahi kutumia zaidi ya hapo kutafuta nafasi moja tupu.

Kabla hujarudisha IFERROR

Ile =IFERROR(INDIRECT(...),0) inageuza kila kosa kuwa sifuri, na sifuri inajumlishwa kimya kimya pamoja na nyingine. Kama unataka ukurasa safi, tenganisha shiti isiyopatikana na makosa mengine:

=IF(ISREF(INDIRECT("'"&A2&"'!A1")),INDIRECT("'"&A2&"'!B20"),"Hakuna shiti: "&A2)

Na siku utakapotaka kufuta shiti inayoonekana haitumiki, usiamini mishale ya kufuatilia fomula, kwa maana haioni kilichomo ndani ya maandishi. Bonyeza Ctrl+F, weka utafutaji uwe wa faili nzima na ndani ya fomula, uandike INDIRECT, upitie seli zote zitakazotokea uone zinasoma majina kutoka wapi. Ndipo ufute.